Meza ya Chuma ya Kinyangiri

Msumeno wa meza uliingia Kinyangiri juu ya lori lililotoka Itigi, katikati ya magunia ya chumvi na madebe ya mafuta ya taa, umefungwa kamba kila upande kama fahali mkorofi anayepelekwa mnadani. Watu waliokuwa dukani walitoka kuutazama. Meza yake ilikuwa ya chuma kitupu, nzito, imesuguliwa juu mpaka inarudisha mwanga wa jua machoni. Chini ya meza palikuwa na kabati, nalo la chuma, lenye mlango mdogo ubavuni. Naftali, fundi aliyeununua, alipoufungua mlango huo ili wenye mashaka waone, diski lenye meno lilionekana limetulia humo ndani, likichungulia juu kwa ukucha mmoja tu.

Raheli, mkewe, alisimama nyuma ya watu akiwa na Dorika mgongoni. Wengine waliona chuma. Yeye aliona ng'ombe wake mwekundu, yule aliyepewa na baba yake siku alipoolewa, na maksai wawili wa mumewe. Wote watatu walikuwa wamegeuka meza hii na injini iliyolala pembeni yake chini ya gunia. Alikubali mwenyewe wauzwe. Hakuna aliyemlazimisha. Hata hivyo alipoona jinsi meza ilivyokaa kimya, haili, haitikisi mkia, aligeuza macho.

Gasto, aliyekuwa fundi mbao kama Naftali na mkubwa kwake kwa umri, alizunguka lori mara moja mikono nyuma. Alisema kwa sauti ya mtu anayewasaidia wenzake kufikiri, "Serikali ilituletea reli hapa Kinyangiri, kisha ikaing'oa yenyewe ikaenda nayo. Sasa Naftali katuletea treni isiyokwenda popote."

Watu walicheka. Naftali naye alicheka, lakini Raheli alikuwa anazijua dalili za mumewe. Akiumia, masikio yake husogea nyuma kidogo. Na yalisogea.

Aibu ya siku ile haikuishia hapo. Meza ilikuwa haibebeki hadi nyumbani, ilitaka kuvutwa kwa kitelezi cha mbao, na kitelezi kinataka maksai. Maksai wa Naftali ndio waliouzwa. Waliokuwa karibu walikuwa wa Gasto. Basi Naftali ilimbidi aende akamwombe mtu yuleyule, mbele ya watu walewale, amwazime ng'ombe wa kuvutia kitu alichokinunua kwa ng'ombe. Gasto hakukataa. Alitoa maksai wake kwa moyo mkunjufu kabisa, akatembea mbele yao njia nzima, na kila aliyeuliza wanavuta nini alimweleza kwa urefu.

*

Mama yake Naftali aliitwa Leah. Alikuwa mjane, mwembamba, mtu wa maneno machache na mazito. Siku ng'ombe walipotolewa zizini hakulia wala hakugomba. Alimuuliza mwanawe swali moja tu: ng'ombe anakula nyasi na anazaa, je, hicho chuma kinakula nini?

"Dizeli, mama."

"Na kinazaa nini?"

Naftali akajibu, "Madawati."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yote. Baraza lilikuwa linajenga shule ya kati, na shule haikalishi watoto chini. Madawati yalitakiwa mengi, kuliko ambavyo fundi wa msumeno wa mkono angeweza kuyapasulia mbao kabla ya mvua. Kazi hiyo ilikuwa inaelekea kwenye karakana moja ya Singida mjini. Manase, karani wa baraza, mtu mwenye haki na tahadhari nyingi, alisema kwamba kama kuna fundi wa hapa hapa mwenye mashine inayokata sawasawa, atakuja mwenyewe kuiona Jumanne, na akiridhika kazi itabaki hapa wilayani Iramba. Naftali alikuwa amempa mama yake ahadi: kazi ya madawati ikikosekana, msumeno utauzwa kwa bei yoyote, na ng'ombe watarudi, hata kama ni mmoja.

Mama Leah alisema amesikia. Tangu siku hiyo alipita mbali na mahali palipotengwa kwa ajili ya mashine, kama mtu anayeepuka kumpita mgeni ambaye hakumwalika.

Raheli alilibeba jambo hilo kimoyomoyo. Mama mkwe hakuwa mkali kwake. Siku alipoingia nyumba hii kama bibi arusi, mikono ile ile myembamba ilimpaka samli mabegani na miguuni, na alipojifungua Dorika ilimpaka tena yeye na mtoto. Kwa Mama Leah kitu kipya hakikai nyumbani kikavu. Jembe jipya, kigoda kipya, kamba mpya ya ngozi ya kufungia ndama, vyote vilipita mikononi mwake. Lakini Mama Leah ndiye aliyekuwa akimkamua yule ng'ombe mwekundu, na alikuwa akimwita kwa jina. Sasa asubuhi alikuwa akikamua ng'ombe mmoja aliyebaki, akimaliza mapema mno, kisha anabaki ameketi zizini na kibuyu mapajani kama aliyesahau jambo.

*

Kuifunga mashine kulikuwa kazi kuliko kuinunua. Ndani ya tembe haikuingia. Dari lilikuwa chini, na ubao mrefu hauwezi kupinda kona. Naftali alijenga banda lililo wazi pande mbili, ubao uingie huku utokee kule. Alichimba shimo, akalaza magogo ya mninga chini, akashindilia mawe katikati, kisha akaifunga meza kwa bolti za chuma mpaka ukiisukuma kwa bega inakusukuma wewe. Injini aliiweka hatua chache nyuma, juu ya magogo mawili yaliyotobolewa matundu marefu, ili iweze kusogezwa. Baina ya injini na meza ulipita mkanda mpana wa ngozi. Injini ikizunguka, mkanda unakwenda, diski linageuka. Ndiyo siri yote, alimweleza Raheli, hakuna uchawi.

Pima maji hakuwa nayo. Raheli alileta sahani pana ya bati, akaijaza maji, akaiweka juu ya meza, wakainama wote wawili kuangalia. Maji yalikimbilia upande wa mlimani. Naftali alipigilia kabari, wakaangalia tena. Yalikimbilia upande wa bondeni. Walibishana kidogo juu ya nani ameongeza kabari kuliko inavyotakiwa, kisha wakacheka, kisha wakaanza upya. Ilipofika alasiri maji yalitulia katikati ya sahani bila kuegemea mtu.

Ukaja ukingo wa chuma ambao ubao huuegemea ukipita. Huo lazima uende sambamba na diski, ukikosea kidogo ubao unabanwa na kutupwa. Hapo Raheli alishika rula. Hata baada ya kujifungua hakuacha darasa la jioni la misheni. Alikwenda na Dorika mgongoni na kibatari mkononi, na nusu na robo alizisoma kwa furaha ile ile wengine wanayosomea hadithi. Alipima mbele ya diski, akapima nyuma ya diski.

"Nyuma pamezidi, Baba Dorika."

"Kiasi gani?"

"Kama unene wa ukucha wangu."

"Wako au wangu?"

"Wangu. Wako umejaa gundi."

Naftali alilegeza, akagonga kidogo kwa mpini wa nyundo, akakaza. Raheli akapima tena mbele na nyuma. Mara hii hakusema kitu, alimwangalia tu mumewe, naye akajua.

Jumamosi waliiwasha. Naftali alizungusha hendeli, injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, kisha ikashika na kutikisa kuku wote wa mtaa. Diski lilipotea machoni, likabaki kama ukungu mwembamba juu ya meza. Naftali alisukuma ubao wa mninga, Raheli akaupokea upande wa pili, kwa sababu msaidizi waliyekuwa naye aliondoka siku maksai walipouzwa, na ubao wenye urefu ule hauwezi kutolewa na mtu mmoja. Ubao ulitoka mara mbili, vipande viwili vilivyonyooka kama vilivyozaliwa hivyo. Vumbi jekundu la mninga lilimjaa Raheli kwenye nywele na kope. Alipitisha kidole penye mkato. Palikuwa laini, na bado pana joto.

Naftali alizima injini. Walisimama wakitazamana, wote wawili wekundu kama waliotoka kuchimba udongo. Raheli alifikiri, sisi. Ni sisi tumefanya hivi.

Mama Leah alikuwa amesimama mlangoni pa tembe. Hakuja karibu. Lakini jioni, wakati Naftali ameenda kuoga, Raheli alimwona akilizunguka banda polepole, kisha akanyoosha mkono na kuugusa mkanda. Ulikuwa umekakamaa na kupasukapasuka kwa jua la Itigi. Mzee aliuminya kati ya vidole kama anayeminya sikio la ndama mgonjwa, akatikisa kichwa, akaenda zake.

*

Jumanne Manase alikuja kwa baiskeli, suruali yake imebanwa kifundoni ili isinaswe na mnyororo. Alimwamkia Mama Leah shikamoo kabla hata ya kuegesha baiskeli, na Raheli alimpenda kwa hilo. Nyuma yake walifuata watu wa mtaani, ambao hawakualikwa, na mbele ya watu wa mtaani alikuwepo Gasto.

Naftali alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Alieleza mashine kwa maneno machache, kwa heshima, bila kujisifu. Alizungusha hendeli. Injini ilikubali mara ya kwanza, na uso wa Naftali ukafunguka. Diski likapotea kuwa ukungu. Aliushika ubao, akausogeza.

Diski liligusa ubao likasimama.

Injini ilikuwa inanguruma vilevile, mkanda unakwenda mbio, lakini diski limesimama tuli na meno yake ndani ya ubao. Naftali alirudisha ubao nyuma, diski likaanza kuzunguka tena, polepole, kama linalofikiria. Akasukuma. Likasimama. Mara ya tatu mkanda uliruka kutoka kwenye gurudumu, ukachapa nguzo ya banda, ukaanguka vumbini ukijikunjakunja, na watu wakarudi nyuma wakikanyagana.

Naftali aliufunga upya kwa mikono iliyokwisha kujaa dizeli, asihisi tofauti. Aliangalia diski, akaangalia mafuta ya injini, akakaza kila kilichokazika. Shati la kanisani liliingia doa jeusi kifuani. Alijaribu tena, ikawa vilevile, akazima injini.

Gasto hakuhitaji kupaza sauti. Alimwambia jirani yake, lakini banda zima lilisikia, kwamba hata yeye anayo mashine ya namna hiyo nyumbani, inakata hewa vizuri sana, tatizo ni mbao tu. Watu walicheka kwa pua. Manase hakucheka. Alitazama saa yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kwa upole kwamba mashine ni kitu kigumu, hakuna lawama, labda fundi apewe muda wake, ila baraza haliwezi kusubiri, na barua ya Singida ingepaswa kwenda wiki hii.

Raheli alikuwa amesimama mahali pake upande wa pili wa meza, mikono mbele, tayari kupokea ubao ambao haukuja. Ndipo pumzi yake ilipokutana na harufu. Haikuwa dizeli. Ilikuwa harufu ya jikoni penye sherehe, samli inayoanza kuungua.

Aliinama kama anayeokota kitu, akagusa mkanda. Ulikuwa laini. Ulikuwa umeshiba, unateleza kama samaki, na nyufa zote zimefunikwa. Hakukuwa na mahali palipoachwa. Mtu alikuwa ameupaka kwa subira, kipande kwa kipande, kwa kiganja.

Aliinua macho. Mama Leah alikuwa amesimama karibu na nguzo, karibu kuliko alivyowahi kusimama, mikono imefichwa ndani ya kaniki yake. Alikuwa anaitazama mashine kama mtu anayemtazama mtoto wake akianguka mbele ya wageni.

Raheli alielewa yote kwa mara moja, na jambo la ajabu ni kwamba, katikati ya fedheha ile, furaha ilimpanda kifuani mpaka machozi yakamtoka. Samli ilikuwa chache siku hizi. Ng'ombe mmoja. Na mzee huyu alikuwa ameikomba yote akaja nayo hapa alfajiri, wakati wao wamekwenda kisimani, akaipaka mashine kama anavyopaka kitu kilichokubaliwa kuwa cha nyumbani. Wao walikuwa wanangoja neno lake. Neno lake lilikuwa hili, na ndilo lililokuwa linawaangusha.

Kusema ni kumvua nguo mama mkwe mbele ya mtaa. Kunyamaza ni kumwacha Naftali azame, na msumeno uuzwe.

Raheli alipangusa mikono yake kwenye khanga, akatoka mbele, akamwambia Manase kwa adabu kwamba mgeni hajaonja hata maji katika nyumba hii, na kwamba uji wa uwele uko tayari na utapoa. Hakuna karani anayeweza kulikataa neno hilo kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Manase alikaa. Wengine, ambao uji haukupikwa kwa ajili yao, nao walikaa.

Ndipo Raheli aliposogea kwa mumewe, akamnong'oneza kwamba shida si injini, ni mkanda, umeingia mafuta.

"Mafuta gani?" Naftali alishangaa, na mshangao ukampandisha sauti. "Nani ameutia mafuta?"

Raheli alisimama mbele ya mkanda kuukinga.

Gasto alikuwa amekwisha kusogea. Aliugusa mkanda, akanusa vidole, akavionyesha kwa watu. "Samli," alisema. "Jamani, mkanda wa mashine umepakwa samli. Mwanamke wa nyumba hii alidhani anakaanga." Alimgeukia Raheli akitabasamu. "Shemeji, ndiyo wanayowafundisha kwenye darasa la jioni?"

Kicheko kilikuwa kikubwa mara hii. Naftali alimtazama mkewe. Hakukuwa na hasira machoni pake, kulikuwa na kuumia tu, na kuuliza. Raheli aliinamisha uso. Alijiambia kicheko hakiui mtu. Alimsogeza Dorika vizuri mgongoni na kuacha mambo yawe hivyo, yawe yake.

"Mwache huyo."

Mama Leah alikuwa ametoka penye nguzo. Aliitoa mikono yake kwenye kaniki na kuinyoosha mbele ya watu wote, na viganja viling'aa.

"Ni mimi. Nimeupaka asubuhi. Nilimpaka huyu binti siku alipoingia kwangu, na mtoto wake nimempaka, na mashine hii nimeipaka, kwa sababu ni ya hapa." Alimgeukia Gasto. "Na wewe ulipozaliwa, mama yako alikuwa hoi, ni mimi niliyekupaka kutoka utosini hadi nyayo. Au ulitaka nikuache mkavu?"

Kisha Manase, kikombe cha uji mdomoni, alipaliwa. Akakohoa, akafuta macho, akacheka waziwazi, na mtaa mzima ukamfuata, na safari hii kicheko kilikuwa na mahali pengine pa kwenda. Gasto aliangalia miguu yake. Mtu hana la kumjibu mwanamke aliyemshika akiwa hana hata jino.

Naftali alikuwa hajacheka. Alikwenda mpaka mbele ya mama yake, akaishika mikono ile yenye mafuta kwa mikono yake yenye masizi, na hakusema asante wala hakusema kosa. Alisema, "Mama, hii ngozi haitaki. Ikilainika inateleza."

"Sikujua," alisema mzee. "Ngozi zote ninazozijua zinataka." Kisha akanyooka, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya kila siku. "Lakini mafuta niliyoyatia mimi, mimi nitayatoa. Raheli, lete pumba za uwele. Weka chungu motoni."

*

Ngozi iliyolewa mafuta wanaijua wanawake wanaotengeneza ngozi. Pumba zilikaangwa kavu mpaka zikaanza kunukia, zikamwagwa juu ya gunia, mkanda ukalazwa humo ukafunikwa na kusuguliwa. Pumba zilinyonya, zikawa nyeusi na nzito, zikatupwa, zikaja nyingine. Mama Leah alisugua upande mmoja, Raheli upande wa pili, magoti yao yakigusana. Baadaye walipitisha majivu ya moto. Hawakuzungumza isipokuwa mara moja, mzee aliposema bila kuinua macho kwamba mke wa mwanawe ana kichwa kigumu, alitaka kubeba mzigo usio wake. Raheli alijibu kwamba mzigo wa nyumba hauna jina. Mama Leah aliguna, na kwa Mama Leah guno lile lilikuwa hotuba ndefu.

Wanaume hawakukaa bure. Raheli alikuwa amemkumbusha mumewe kwamba matundu ya magogo yale ni marefu, na kwamba mkanda uliolainika umerefuka, basi injini irudishwe nyuma iukaze. Injini ilikuwa nzito. Naftali aliingiza mti chini yake, akaushika upande mmoja. Upande wa pili aliushika mtu bila kuombwa, na alipoinua uso akaona ni Gasto, mishipa imemtoka shingoni, amekunja mdomo kama anayefanya jambo hilo kwa ajili ya mtu mwingine kabisa.

Manase alimaliza uji. Aliomba mwingine. Hakutazama saa tena.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Naftali alipozungusha hendeli. Injini iliitika. Mkanda ulikwenda, mkavu, ukipiga kofi dogo la mfululizo, na diski likageuka ukungu. Naftali alimtazama mkewe ng'ambo ya meza. Raheli alitikisa kichwa kukubali.

Ubao uligusa diski, na diski lilikula. Sauti ilipanda, kali, ikajaza banda na kutoka nje na kwenda mpaka kule reli ilikokuwa. Vumbi jekundu lilirushwa juu ya miguu ya wageni. Ubao ulimfikia Raheli mikononi ukitetemeka kama kitu chenye uhai, naye aliuvuta kwa mwendo uleule, bila kuharakisha na bila kuchelewesha, mpaka ncha ikatoka na vipande viwili vikaachana.

Manase alivichukua vyote viwili. Aliviweka kifua kwa kifua akavitazama dhidi ya mwanga, akitafuta mahali ambapo jua lingepenya. Hakupata. Alipitisha kidole gumba penye mkato, kwenda na kurudi. Kisha aliuliza swali moja la kikarani: baraza lingependa kujua mashine hii inaendeshwa na mafundi wangapi, maana kazi ni kubwa na mtu mmoja haiwezi.

"Wawili," alisema Naftali.

"Na wa pili ni nani?"

Naftali alimnyooshea mkono Raheli, aliyekuwa amesimama na vumbi la mninga mpaka kwenye meno, Dorika akichungulia begani kwake naye mwekundu kama tunda. Watu walinong'ona. Manase alimwangalia Raheli kwa muda, akaviangalia tena vile vipande mkononi mwake, na mara hiyo alivitazama kwa muda mrefu zaidi.

"Andaa mbao, fundi," alisema, na haikuwa wazi anamwambia nani kati yao. "Madawati yatatengenezwa hapa."

*

Juma lililofuata Kinyangiri ilizoea sauti ile. Kuku waliacha kukimbia. Watoto waliopeleka ng'ombe malishoni waliiga mlio wake kwa midomo, wakishindana nani anaufikisha juu zaidi. Mbao zilipangwa ukutani mwa tembe, nyekundu, zimenyooka, zikikauka tayari kuwa miguu na migongo ya madawati ya watoto ambao bado hawakujua kwamba watasoma. Raheli alipopita kando yake alikuwa akizigusa kwa ncha ya vidole, moja moja, akijua kwamba Dorika naye siku moja atakalia mojawapo.

Asubuhi moja Gasto alikuja. Alikuwa amebeba ubao mzito begani, mninga wa kupasuliwa, na jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Injini ilikuwa imezimwa, na Raheli alikuwa ameingia ndani na Dorika. Naftali alikuwa kwenye kona ya banda akinoa, na Mama Leah alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa banda, mahali palipokuwa pamegeuka kuwa pake siku hizi, akichambua mtama kwenye ungo uliokwisha kuwa mwekundu wa vumbi.

Gasto aliamkia. Mzee aliitikia marahaba. Gasto aliulizia habari za nyumbani, akaulizia za watoto, akaulizia za mvua, ubao ukiwa bado begani. Mwishowe alisema kwamba ana mlango wa mtu, umemchelewesha, na kama Naftali angekuwa na nafasi kidogo, akate mara moja tu.

Naftali aliinuka, lakini mama yake alimzuia kwa mkono bila kugeuka. Alimtazama Gasto kutoka miguuni hadi kwenye ubao.

"Utue huo mzigo, mwanangu, ukae," alisema. "Fundi ananyonyesha."